Entrepreneuse, entrepreneure au entrepreneur? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili na tahajia ya neno la Kifaransa la mwanamke mjasiriamali

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa tena na tena na wafasiri, wanafunzi wa Kifaransa, na hasa wanawake wenye biashara zao Bukavu, Lubumbashi, Goma au Bujumbura, ambao nyaraka zao huandikwa kwa Kifaransa ilhali siku yao yote huenda kwa Kiswahili. Yameanza na mambo ya msingi, na yale ya pembeni yamewekwa mwishoni. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Asili ya neno

Neno lenyewe ni lipi, na lina maana gani?

Neno la Kifaransa *entrepreneur* humtaja mtu anayeanzisha na kuendesha shughuli ya uzalishaji au biashara kwa mtaji wake au wa kukopa, akibeba mwenyewe hatari ya kupata hasara. Umbo lake la kike la kawaida ni *entrepreneuse*. Lipo pia umbo la *entrepreneure*, lililoenea kwanza Québec na sasa linaonekana kila mahali. Kwa Kiswahili maumbo yote matatu hutafsiriwa kwa neno moja, mjasiriamali, kwa sababu ngeli zetu hazitofautishi mwanamke na mwanamume.

Neno hilo limetokana na nini?

Limetokana na kitenzi *entreprendre*, kilichoundwa kwa *entre*, yaani kati, na *prendre*, yaani kushika au kutwaa. Nyuma yake kuna Kilatini: *inter* na *prehendere*. Katika Kifaransa cha kale kitenzi hicho kilikuwa na nguvu za mwili ndani yake, kwa maana kilitumika kwa kukamata na kushambulia kabla ya kutulia katika maana ya kujitwika kazi. Nomino *entrepreneur* imekuwapo tangu Zama za Kati, na katika karne za 17 na 18 ilimhusu zaidi mtu aliyepewa kandarasi na serikali ya mfalme, kama vile kujenga ngome, barabara au daraja, au kulisha jeshi, kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo. Maana hiyo ya mkandarasi haijafa: hadi leo fundi mkuu anayejenga nyumba huitwa *entrepreneur* nchini Ufaransa.

Nani aliyelipa neno maana ya kiuchumi tunayoijua leo?

Anayetajwa kwanza ni Richard Cantillon, mtu wa asili ya Ireland aliyefanya kazi ya benki mjini Paris. Kitabu chake kuhusu asili ya biashara kilichapishwa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake. Kwake yeye, *entrepreneur* ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Hakujali ukubwa wa mtaji, na orodha yake iliwaingiza wakulima, wachuuzi, hata ombaomba na wezi, kwa kuwa nao hawana kipato cha uhakika.

Naomba msomaji asiipite tafsiri hiyo haraka. Mama anayenunua gunia la vitunguu alfajiri kutoka kwenye lori, akalifungua na kupanga mafungu juu ya meza bila kujua kama jioni atabaki na faida au na vitunguu vilivyoanza kuota, anatimiza sharti la Cantillon neno kwa neno. Wanaodhani kwamba *entrepreneuse* ni cheo cha wenye ofisi na kiyoyozi tu hawana msaada wowote kutoka kwa mtu aliyeliingiza neno katika elimu ya uchumi. Baada yake, Jean-Baptiste Say, katika kitabu chake cha mwaka 1803, alimweka *entrepreneur* katikati ya uzalishaji kama mtu anayekutanisha ardhi, nguvu kazi na mtaji.

Je, umbo la kike ni uzushi wa siku hizi?

Hapana. Kamusi za Kifaransa za karne ya 19, ikiwamo ile kubwa ya Émile Littré, ziliorodhesha *entrepreneur* na *entrepreneuse* pamoja. Mtu anayesema kwamba *entrepreneuse* ni neno lililobuniwa na wanaharakati wa majuzi anakosea kwa zaidi ya miaka 100.

Kilichobadilika ni mzigo wa neno. Katika karne ya 19, *entrepreneuse* alikuwa mara nyingi mwanamke wa biashara ya nguo: alichukua oda ya mashati au ya taraza kutoka duka kubwa, akaigawa kwa mafundi cherehani walioshona majumbani mwao, kisha akakusanya na kupeleka kazi iliyokamilika. Alikuwa mtu wa kati, na jina lake lilibeba heshima pungufu kuliko la *entrepreneur* aliyejenga reli. Tofauti hiyo ya heshima ndiyo inayoeleza mengi katika sehemu inayofuata.

## Tahajia na sarufi

Entrepreneuse huandikwaje, herufi kwa herufi?

E-n-t-r-e-p-r-e-n-e-u-s-e: herufi 13, zikiwamo *e* tano, na hakuna hata moja yenye alama juu yake. Njia nyepesi ya kulikumbuka ni kulikata vipande vitatu: *entre*, *pren*, *euse*.

Makosa yanayojirudia ni manne. La kwanza ni kudondosha *r* ya pili na kuandika *entrepeneuse*. Ukikumbuka kwamba ndani yake mna *prendre*, hutaisahau. La pili ni kuandika *n* mbili, *entreprenneuse*. Kosa hili lina sababu yake: wanafunzi wameshaona *ils prennent* na *que je prenne*, zenye *n* mbili, wakadhani kanuni ni ileile. Lakini nomino imejengwa juu ya shina la *prenant* na *prenons*, lenye *n* moja, kama inavyoonekana katika *preneur* na *preneuse*. La tatu ni kugeuza *eu* kuwa *ue*. La nne ni kuweka *z* badala ya *s* kwa kufuata sikio; katika Kifaransa *s* moja iliyo kati ya irabu mbili husikika kama *z*, lakini huandikwa *s*.

Kwa nini ni -euse na si -trice, kama directrice?

Kanuni ya jumla ni hii: nomino ya *-eur* inayotokana moja kwa moja na kitenzi cha Kifaransa huchukua *-euse*. *Vendre* hutoa *vendeur* na *vendeuse*. *Coiffer* hutoa *coiffeur* na *coiffeuse*. *Entreprendre* hutoa *entrepreneur* na *entrepreneuse*. Kiambishi *-trice* huja katika maneno ya *-teur* yenye asili ya Kilatini, kama *directrice* na *actrice*. Katika *entrepreneur* hakuna *t* kabla ya *-eur*, kwa hiyo *entreprenatrice* haina mahali pa kusimama.

Kiambishi *-euse* chenyewe kina historia ya kuvutia. Zamani *-eur* ilikuwa na mwenza wake *-eresse*, ambaye bado yumo katika lugha ya mahakama: *demanderesse* ni mwanamke mdai na *défenderesse* ni mdaiwa. Baadaye Wafaransa waliacha kutamka *r* ya mwisho, *-eur* ikasikika kama *-eux*, na kwa kuwa umbo la kike la *-eux* ni *-euse*, watu wakaliunganisha nalo. Matamshi ya *r* yalirudi, lakini *-euse* ilikuwa imeshaota mizizi.

Entrepreneure, yenye e mwishoni, imetoka wapi?

Imetoka hasa Québec. Tarehe 28 Julai 1979 ofisi ya lugha ya Kifaransa ya Québec ilitoa ushauri wa kutumia majina ya kazi katika umbo la kike, na katika miaka iliyofuata maneno kama *professeure*, *auteure* na *ingénieure* yakazoeleka. *Entrepreneure* iliingia kwa mlango huohuo.

Umbo la *-eure* halikuwa geni kabisa. Kifaransa kilikuwa na *prieure*, mkuu wa nyumba ya watawa wa kike, pamoja na *supérieure*, *mineure* na *meilleure*. Hayo, hata hivyo, mengi yake yametokana na maneno ya Kilatini ya kulinganisha, si na vitenzi. Kwa hiyo *professeure* inaweza kutetewa kwa hoja kwamba neno lake lilitoka moja kwa moja katika Kilatini, si katika kitenzi cha Kifaransa, lakini kwa *entrepreneure* kitenzi kipo wazi.

Je, entrepreneure ni kosa?

Si kosa la tahajia. Ni chaguo tofauti. Kamusi na matumizi ya Kanada yanalitambua, wanawake wengi wa Ulaya na Afrika hulitumia kwenye kadi zao, na mhariri asilifute kana kwamba ni uzembe. Ukiniuliza mimi lipi linafuata kanuni za Kifaransa kwa ukaribu zaidi, nitasema *entrepreneuse* bila kusita, na ndilo ninaloliandika ninapotafsiri bila maelekezo. Lakini mwanamke aliyejiita *entrepreneure* ana haki ya kuandikwa hivyo.

Kosa halisi ni kuchanganya maumbo mawili katika waraka mmoja, ukurasa wa kwanza hivi na ukurasa wa nne vile, kama kwamba wanatajwa watu wawili.

Kwa nini basi wanawake wengi huikwepa -euse?

Kwa sababu ya majirani wa kiambishi hicho. Kwanza, *-euse* imetumika kutaja mashine: *tondeuse* ni mashine ya kukata nyasi, *moissonneuse* ni ya kuvunia, *mitrailleuse* ni bunduki ya rashasha. Pili, imeambatana na kazi zilizolipwa kidogo. Tatu, maneno machache ya *-euse* yalichafuka: *entraîneuse*, ambalo kwa kanuni lingemaanisha kocha wa kike, lilitumika kwa mwanamke anayeajiriwa baa kuwashawishi wateja wanunue vinywaji. Ndiyo maana kocha wa kike wa Québec huitwa *entraîneure*.

Ukiutazama mwenendo huu kwa makini, utaona kwamba hakuna aliyewahi kusita kusema *vendeuse* au *coiffeuse*. Kusita kulianza pale mwanamke alipopanda ngazi. Sarufi ilikuwa ileile. Kilichoonekana kigeni ni mwanamke kuketi katika kiti hicho. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutumia *entrepreneuse* bila haya: neno husafishwa na wanaolivaa, na kila mwenye kiwanda anayelitumia huliondoa hatua moja kutoka kwa *entraîneuse* na mashine za nyasi.

Hutamkwaje?

Silabi ya kwanza husikika kama *a* ya puani, na ya mwisho kama *e* inayotamkwa kwa midomo iliyoviringwa, ikifuatwa na *z*. Tofauti kubwa ni hii: *entrepreneure* na *entrepreneur* kwa kawaida husikika sawa, ilhali *entrepreneuse* husikika wazi kuwa ni ya kike. Mtangazaji wa redio anayetaka msikilizaji ajue kwamba anayezungumziwa ni mwanamke atapata msaada katika umbo moja tu kati ya hayo mawili.

Wingi wake, na maneno yanayoliandamia, huwaje?

Wingi ni *entrepreneuses* au *entrepreneures*, na *s* hiyo haitamkwi peke yake. Vivumishi hufuata umbo la kike: *une entrepreneuse congolaise*, *des entrepreneuses burundaises*. Kwa kuwa neno huanza na irabu, huandikwa *l'entrepreneuse*, na kwa sababu hiyohiyo husemwa *mon entrepreneuse*, kamwe si *ma*, ingawa neno ni la kike. Kionyeshi, hata hivyo, hubaki *cette entrepreneuse*. *Cet* ni ya kiume.

Kundi lenye wanawake na wanaume huandikwa *entrepreneuses et entrepreneurs*, au kwa desturi ya zamani *entrepreneurs* pekee. Kuhusu ufupisho wa nukta, tazama swali la mwisho kasoro moja.

## Wanawake, sheria na serikali

Kabla ya neno hili kuenea, mwanamke mfanyabiashara aliitwaje Ufaransa?

Kisheria aliitwa *marchande publique*. Sheria ya biashara ya mwaka 1807 ilisema kwamba mke hawezi kuwa *marchande publique* bila ridhaa ya mumewe. Akishaipata, aliweza kuingia madeni na mikataba ya biashara yake bila kumuuliza tena. Lakini ikiwa aliuza tu rejareja bidhaa za duka la mume, hakuhesabiwa kuwa mfanyabiashara hata kama yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kaunta kutwa nzima.

Kulikuwa na neno jingine ambalo watu hulisahau: *veuve*, yaani mjane. Mjane hakuwa na mume wa kumwomba ruhusa, hivyo aliweza kuendesha kampuni kwa jina lake. Barbe-Nicole Clicquot alifiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na miaka 27, akachukua biashara ya mvinyo mjini Reims, na chupa zake zinabeba neno *Veuve* hadi leo. Louise Pommery naye alianza baada ya kufiwa mwaka 1858. Wengi husoma *Veuve* kwenye lebo kama pambo la huzuni. Kwa mtu wa enzi ile lilikuwa tangazo kwamba mwenye saini hii anaweza kusaini.

Ilikuwa hadi sheria ya tarehe 13 Julai 1965 ndipo mwanamke aliyeolewa Ufaransa alipoweza kufanya kazi anayoitaka na kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume.

Na Kongo je?

Kanuni za familia za mwaka 1987 ziliweka sharti kwamba mke apate idhini ya mumewe kwa vitendo vya kisheria vinavyomfunga yeye binafsi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa idhini hiyo ya upande mmoja na kuweka maelewano ya wanandoa wote wawili. Upande wa biashara, Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria za biashara za pamoja, na sheria ya pamoja ya biashara ya jumuiya hiyo inasema kwamba mwenzi wa mfanyabiashara, mke au mume, huwa mfanyabiashara tu iwapo anafanya shughuli zake kama kazi yake na mbali na za mwenzake. Kwa hiyo neno linaloandikwa kwenye fomu mbele ya jina la mke si urembo. Ndilo linaloonyesha kama biashara ni yake au anamsaidia mume.

Serikali ya Ufaransa na Académie française, baraza la lugha la nchi hiyo, zina msimamo gani?

Mwaka 1984 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya majina ya kazi ya kike chini ya uenyekiti wa Benoîte Groult, na waraka wa waziri mkuu wa tarehe 11 Machi 1986 ukaagiza maumbo hayo yatumike katika maandishi ya serikali. Uliwekwa kabatini. Waraka mwingine wa tarehe 6 Machi 1998 uliufufua, na mwongozo wa mwaka 1999 ukafafanua kanuni, ikiwamo ile ya *-euse* kwa maneno yenye kitenzi. Jumuiya ya Kifaransa ya Ubelgiji ilishatunga sheria yake mwaka 1993. Académie française, iliyopinga kwa miaka mingi, ilipitisha tarehe 28 Februari 2019 ripoti inayosema kwamba hakuna kizuizi cha kimsingi kwa majina ya kazi kuwa na umbo la kike.

## Maneno jirani

Je, entrepreneuse ni sawa na femme d'affaires, commerçante au cheffe d'entreprise?

Hayalingani kikamilifu. *Commerçante* ni mwanamke anayenunua na kuuza kama kazi yake, na katika nchi za OHADA ni hadhi ya kisheria inayodai usajili. Mijini Kongo neno hili liko midomoni mwa kila mtu. *Femme d'affaires* huashiria biashara kubwa na mahusiano mapana. *Cheffe d'entreprise* huongoza kampuni, ambayo huenda hakuianzisha yeye. *Entrepreneuse* husisitiza kuanzisha na kubeba hatari.

Entreprenante ni neno hilohilo?

Hapana, na hapa watu huumia. Kama kivumishi, *entreprenante* humaanisha mwenye kuthubutu, mchapakazi wa kubuni mambo. Lakini *entreprenant* husemwa pia kwa mtu mwenye kujipendekeza kimapenzi kupita kiasi, hivyo usiliweke kwenye barua ya kumsifia mtu bila kufikiri.

Kama nomino, *entreprenant* ni hadhi maalumu katika sheria ya OHADA iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Ni ya mtu mmoja mwenye shughuli ndogo, ambaye hutoa tamko tu na kusamehewa usajili kamili katika daftari la biashara. Mwanamke mwenye hadhi hiyo anaweza kuitwa *entreprenante*. Mfasiri akiona neno hili kwenye waraka wa Kongo asilisahihishe kuwa *entrepreneuse*. Aliloliona ni hadhi, na akilibadilisha atakuwa amebadilisha stahili za mhusika.

Kuhusu ujasiriamali, ni entrepreneuriat au entreprenariat?

Andika *entrepreneuriat*, lililojengwa juu ya *entrepreneur* zima. Umbo fupi *entreprenariat* hukutwa, lakini lisitumike kwenye waraka rasmi. Kivumishi ni *entrepreneurial*, kike *entrepreneuriale*.

Na auto-entrepreneuse?

Utaratibu wa *auto-entrepreneur* uliundwa Ufaransa kwa sheria ya Agosti 2008, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, na baadaye jina rasmi likawa *micro-entrepreneur*. Umbo la kike hufuata yaleyale yaliyoelezwa juu, na kistari hubaki. Kwa kuwa utaratibu huu uliwaingiza wanawake wengi kwenye fomu za kodi, umesaidia *-euse* kuzoeleka machoni.

## Katika lugha nyingine, na katika Kiswahili

Kiingereza kina entrepreneuse pia?

Kimelikopa, na kamusi zake huliorodhesha, lakini hutumika kwa nadra. Wazungumzaji wengi husema *entrepreneur* kwa wote. Lenyewe hilo la kiume liliingia upya karne ya 19, kwanza kwa wasimamizi wa maonyesho ya muziki na tamthilia. Mwaka 1848 John Stuart Mill alisikitika kwamba *undertaker*, neno la Kiingereza lenye muundo unaokaribiana, halikuwa limezoeleka masikioni kwa maana ya kiuchumi, akasema wachumi wa Kifaransa wana faida kubwa kwa kuwa na lao. Hilo la Kiingereza limeishia kuwa la mtu anayeandaa mazishi. Wajerumani nao waliunda *Unternehmer*, na kike *Unternehmerin*.

Katika Kiswahili niandike nini?

Andika mjasiriamali, wingi wajasiriamali. Neno limeunganisha jasiri na mali, zote mbili zikiwa na asili ya Kiarabu, na kwa bahati njema limegusa wazo lilelile la Cantillon: kuthubutu mahali ambapo mali inaweza kupotea. Hakuna sababu ya kuunda neno la mkopo kutoka Kifaransa, labda unapolijadili neno lenyewe, na hapo liandike kwa herufi za mlalo kama lilivyo.

Inapobidi jinsia ijulikane, sema mwanamke mjasiriamali au wanawake wajasiriamali. Unapotafsiri kinyume, wanawake wajasiriamali huwa *les entrepreneuses*. *Les femmes entrepreneuses* si kosa, ila neno *femmes* linarudia kile ambacho kiambishi kimeshasema. Majina kama mama lishe wa Tanzania au mama mboga wa Kenya yaache kama yalivyo na uyaeleze kwa sentensi, kwa kuwa yanataja kazi maalumu na namna ya kuheshimiana ambayo *entrepreneuse* haiibebi.

## Hali za pembeni

Kwenye tangazo la nafasi, naweza kuandika entrepreneur·euse?

Ufupisho wa nukta kati hutumiwa na baadhi ya mashirika na vyuo: *entrepreneur·euse·s*, au *entrepreneur·e·s*, ambao ni mfupi zaidi na ndiyo sababu mojawapo ya *entrepreneure* kupendwa katika mabango. Waraka wa waziri mkuu wa Ufaransa wa tarehe 21 Novemba 2017 uliwataka watumishi wa serikali wasiutumie katika matini rasmi, ingawa uliagiza majina ya kazi ya wanawake yaandikwe kwa umbo la kike. Kwa fomu itakayosomwa kwa sauti, au na mtu ambaye Kifaransa ni lugha yake ya tatu, andika maneno yote mawili kwa ukamilifu.

Muhuri wangu na bango langu tayari vina umbo jingine. Nibadilishe?

Niliwahi kuketi na mama mmoja muuza vitenge, majora yamepangwa nyuma yake hadi darini, akanitandazia vitu vitatu juu ya meza ya kukatia. Muhuri wake wa mpira ulisema *entrepreneure*, kadi zake zilisema *entrepreneur*, na bango la mlangoni lilipakwa *ENTREPRENNEUSE* kwa rangi nyekundu. Ofisi fulani ilikuwa imemrudishia barua yake ya maombi kwa sababu maelezo hayakulingana. "Mwalimu," akaniuliza, "kati ya hawa watatu, mimi ni yupi?"

Jibu nililompa ndilo ninalolitoa hapa. Umbo la *-eure* halihitaji kubadilishwa, kwa kuwa ni sahihi na mwenyewe amelichagua. Linalohitajika ni nyaraka nyingine zilifuate. Umbo la kiume kwenye kadi si kosa la kisheria, lakini kadi zikiisha zichapishwe upya kulingana na muhuri. Bango lenye *n* mbili lirekebishwe mapema, maana hilo peke yake ndilo kosa la tahajia. Yeye aliamua kinyume cha nilivyotarajia: alisema *-euse* inasikika vizuri zaidi mtu anapomwita kutoka barabarani, akamwita fundi aifute *n* moja, na muhuri mpya akauagiza wiki ileile.